Mavi ya Shaba

Kazi yangu ni mizani.
Wenzangu wanachimba kwa brashi na kijiko,
mimi napima, ndoo baada ya ndoo,
mabonge meusi kama halua iliyoshika chini.
Mavi ya shaba. Mapande ya tanuri.
Daftarini nayaandika kwa kilo;
kichwani, bila kutaka, kwa frasila.

“Zuwena,” Dakta Rawya hunicheka, “hizi si karafuu.”
Kweli. Hazinuki.

Wakati wa chai ananipa habari za Akadi,
dola ya baina ya mito miwili, huko juu,
miaka elfu nne na ushei nyuma:
ilimeza jirani zake mmoja mmoja,
ikapangusa mdomo, ikasema, amani.
Mfalme wake alijigamba kwamba vyombo vya Magani
vimefungwa gatini kwake.
Magani ndiyo sisi. Ndilo bonde hili la Samad.
Akaja wa ukoo wake, kununua hakumtoshi,
akaja na mikuki
na shaba ya mikuki ni yetu.

Mimi wafalme siwajui. Najua hesabu.
Kupata shaba ya shoka moja
uchome makaa ya migunga mingapi?
Na shoka likishapoa
linakwenda wapi, kama si mgungani?
Kule ukuta unapanda pima moja,
hapa kivuli kinapungua pima kumi.
Tazama huo mlima:
tangu uliponyolewa haujaota hata unywele.

Dola ilipoanguka
hakuna aliyepiga baragumu Samad.
Kule, anasema Dakta, mvua zilikata,
mifereji ikajaa tope,
watu wa milimani wakashuka na njaa yao,
kibaba cha shayiri kikapanda kuliko mtu.
Hapa, mnunuzi hakuja.
Mwezi ule wakasema kachelewa.
Mwaka ule wakasema kauguliwa.
Mwaka wa tatu wakaacha kumtaja,
mbuzi akazalia ndani ya tanuri.

Hilo nalijua.
Baba yangu, Muhenna, karani wa bohari Unguja,
asubuhi moja ya Januari alitoka na kalamu sikioni
akakuta mlango umepigiliwa mbao,
mizani imelala ubavu.
Akangoja hadi adhuhuri.
Kisha akangoja miaka ishirini na sita, huku,
katika nyumba ya saruji yenye kiyoyozi kibovu,
akiagiza mchele kwa frasila,
mwenye duka akimtazama kama mgonjwa.

Nasi tuliitwa dola.
Nasi tulikuwa na migunga yetu:
waliopanda mikarafuu, waliochuma,
mabegani mwao lilipita kila gunia aliloandika baba.
Daftari zake ninazo, mwandiko mzuri, wino haujafifia.
Nimetafuta jina moja tu la mchumaji.
Kuna gunia. Kuna uzito. Kuna tarehe.

Akadi yenyewe haijapatikana.
Wamepekua udongo wa Iraki, wamekisia hapa, wamekisia pale;
mji uliokula bonde letu hauna hata kaburi.
Lakini choo chake hiki hapa,
nakikanyaga kila siku kwa viatu vya raba.

Jumanne, chini ya sakafu ya chumba kidogo,
tulikuta vitumbua vya shaba vitano,
vya mviringo, mgongo wa kijani,
vimepangwa kwa mkono usio na haraka
na kufunikwa jiwe bapa.
Mtu alivificha akijiambia: bei itarudi.
Au akimwambia mkewe. Au mkewe ndiye aliyemwambia.

Dakta akanyamaza, akanisogezea.
Nikaviweka kimoja kimoja juu ya sahani,
sindano ikatetemeka, ikatulia.
“Kilo nane na robo,” nikasema,
na mdomo ukaendelea wenyewe:
“nusu frasila, na kidogo.”

Safari hii hakucheka.
Aliandika vyote viwili.